Jasho la Moyo

Ninyi wenye makoti meupe, ninawaona kila asubuhi munavyopita mbele ya mulango wangu hapa Kasongo, munaenda shule ya wauguzi, vitabu kwapani, shingo juu. Munanisalimia vizuri, siwezi kulalamika. Mumoja wenu ni mujukuu wangu Furaha, na kama hamukujua, basi mujue leo: yule mwenye mukono mwepesi kuliko ninyi wote, ambaye mwalimu anamuita akishindwa kupata mushipa wa mutoto muchanga, yule ni wa kwangu. Mukono ule haukuanguka toka mbinguni. Ulitoka kwangu.

Mimi shule yangu iliishia pale mutoto anapoanza kufundishwa kugawanya. Kujumlisha ninajua, kutoa ninajua. Kugawanya, waligawanya wenyewe. Nilikuwa musichana wa shamba, nilipoingizwa hospitali kuosha vioo vya labo, kile chumba cha kupimia damu. Wakati ule hakukuwa na sindano ya kutumia mara moja na kutupa. Sindano zilikuwa za chuma na kioo, tulikuwa tunazichemsha kwenye sufuria kama mihogo. Ukivunja bomba moja, sura ya fundi inakunjamana kama ya mutu aliyefiwa.

Fundi wetu alikuwa Papa Lukali. Mutu mwembamba, hasira yake karibu, kicheko chake karibu zaidi. Siku ya kwanza alinipa bomba lililokauka damu, nikakunja pua. Akaniambia: "Mama, usikunje pua. Hii siyo uchafu. Hii ni mutu. Yeye mwenyewe amebaki nyumbani, sehemu yake ndiyo imekuja kutuona. Uipokee kama mugeni."

Nikaipokea vile miaka yote. Kutoka kuosha vioo nikawa mushika mikono, yaani yule anayemushika mugonjwa anayeogopa. Kutoka kushika mikono, Papa Lukali akanifundisha kutoboa mushipa na kuchota damu. Sikuwa na diplome, na sikujifanya ninayo. Nilikuwa na vidole, na vidole vilikuwa na mwalimu.

Sasa niwape niliyopewa, ju nimesikia baadhi yenu munatoboa watu kama munachoma viazi kuona kama vimeiva.

Mukono wa baridi hautoi damu. Mutu ametoka Kabambare juu ya pikipiki na mvua yote mugongoni, vidole vyake kama samaki, na wewe unakimbilia sindano! Mupe kwanza maji ya vuguvugu atie mikono. Mukalishe. Muulize habari za wakwe zake. Mutu anayesimulia wakwe zake hasikii sindano. Mushipa usiupige makofi, haukukukosea kitu. Upapase, utainuka wenyewe. Na lile bomba la kuwekea damu, lenye kifuniko cha rangi ya bilinganya, ukishalijaza, unaligeuza polepole, juu chini, juu chini, kama unavyomugeuza mutoto aliyelala. Ukilitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi, damu inavunjika. Damu iliyovunjika, maji yake yanakuwa mekundu kama mawese, na hakuna mashine itakayokubali kuyasoma.

Tena, jina uliandike palepale, mugonjwa akiwa bado amekaa mbele yako. Siyo baada ya kunywa chai.

Mashine ninayotaka kuwaelezea ilikuja mwisho mwisho wa kazi yangu. Ndogo, ungefikiri ni redio ya mutu tajiri. Ilikuja na docta mwanamuke, mutu wa mbali. Kiswahili chake kilikuwa kinajikwaa kila hatua. Moyo wake haukujikwaa. Alikuja ju ya watu wa huku wanaokosa pumzi.

Munawajua. Hapa kwetu tunakunywa mito, tunaoga mito, tunafua na kuvua ndani ya mito, na ndani ya mito iko kichocho. Yule mududu anaingia kwa ngozi, anataga mayai ndani ya mutu. Tumbo linavimba, hilo kila mutu analijua. Lakini docta alituambia kwamba kuna watu ambao mayai yanapanda hadi mapafuni, yanaziba vinjia vidogo vya damu. Damu inafika pale, inakuta njia imefungwa, inarudi nyuma, inasongamana. Moyo unasukuma. Unasukuma tena. Wengine wanapata shida hiyo bila kichocho, kwa sababu zingine. Na mutu mwenyewe, kwa nje, humuoni mugonjwa. Hana homa. Hana kidonda. Anasimama tu katikati ya njia, mukono kiunoni, anatafuta pumzi. Watu wanampita wanasema: muvivu yule.

Docta alieleza kwa maneno ya kitabu. Mimi nilisimama pale na ufagio wangu, sikushika hata moja. Papa Lukali akanigeukia.

"Mama Riziki, ukilima, jasho lako linatoka wapi?"

"Kwenye ngozi. Swali gani hilo?"

"Basi moyo hauna mahali pa kutolea jasho nje. Ukibeba muzigo uliouzidi nguvu, unatoa jasho lake ndani ya damu. Hii mashine inatafuta lile jasho."

Docta akacheka, akasema neno hilo atalichukua. Kisha akaongeza lake, na hili muliweke kichwani kabisa: jasho linakuambia mutu amechoka, halikuambii kama alilima ao alikimbia ao alibeba kuni. Damu ikionyesha jasho jingi, bado hujajua yote. Unamutuma mugonjwa Bukavu, wamuangalie moyo kwa ile mashine ya picha, ndipo utajua kama kweli ni njia za mapafu zimemulemea. Lakini Bukavu ni mbali, muto na musitu na ndege ndogo inayokuja ikitaka. Huwezi kutuma kila mutu anayehema. Damu ndiyo ilikuwa inatuambia nani asicheleweshwe.

Mashine haikuweza kutembea. Ilikaa hapa Kasongo kwenye umeme wa jua. Damu ndiyo ilikuwa inatembea. Na muletaji wa damu nilikuwa mimi, nyuma ya kijana Saleh na pikipiki yake.

Saleh! Mungu amubariki, na amupe akili kidogo. Siku moja nilikuwa na homa, akaenda Nyangwe peke yake kuleta damu ndani ya sanduku letu la baridi. Amerudi, Papa Lukali anafungua, anakutana macho kwa macho na samaki mukubwa wa Lualaba, amelala juu ya mabomba kama mutu aliyepewa kitanda cha hospitali.

"Saleh, hii ni nini?"

"Samaki, Papa."

"Ninaona ni samaki! Anafanya nini ndani ya damu ya watu?"

"Papa, kulikuwa na baridi mule. Nikasema, baridi inapotea bure?"

Docta alitoka nje akaegemea ukuta, nilifikiri analia. Alikuwa anacheka. Mabomba yale tuliyatupa, tukarudi Nyangwe kuomba watu mikono upya. Samaki hatukumutupa.

Lakini shida kubwa haikuwa samaki, ilikuwa barabara. Ninyi munaijua njia ya Wamaza: mashimo, mizizi, magogo juu ya vijito. Tulifunga sanduku nyuma ya pikipiki, damu ikafika imevunjika. Tukalifunga na magodoro ya majani ya ndizi, ikafika imevunjika. Siku hiyo docta alichoka, akasema kwa ule Kiswahili chake: "Basi muibebe kama mutoto!" Alikuwa anatania. Mimi nilimuangalia Papa Lukali, Papa Lukali akaniangalia. Nani amewahi kuona mutoto amevunjika mugongoni mwa mama yake kwa ajili ya shimo la barabara? Mugongo wa mwanamuke unajua kuinama na kuinuka; chuma cha pikipiki hakijui.

Nikachukua kitenge, nikalifunga sanduku mugongoni, kifundo kifuani. Tulifika Kasongo, damu imelala kimya, maji yake ya njano safi. Tangu siku ile sikubeba kwa njia ingine. Wanawake njiani walikuwa wananipigia kelele: "Mama Riziki, na mvi zote hizo, umezaa tena?" "Nimezaa!" "Mutoto wa nani?" "Wa Wamaza nzima!"

Haya. Sasa nimufikie Zaina.

Zaina alikuwa muke wa kijana mumoja wa upande wa Wamaza, jina lake Amisi, mutu mupole, mupole hata kupita kiasi. Waliishi na mama yake, Mama Amisi, mujane aliyelea watoto kwa jembe. Zaina alipoolewa alikuwa anafanya kazi kama wengine. Kidogo kidogo akaanza kusimama njiani. Anatoka mutoni, anafika katikati ya kilima, anatua bidoni ya maji, anakaa. Wakimutuma kutwanga, anatwanga kidogo, anauegemea mutwangio. Mama mukwe alihesabu haya yote kama ukaidi. "Nililetewa muke ao kigoda?" njo alikuwa anasema, na alikuwa anasema mbele za watu.

Muuguzi wa dispensere ya kule alisikia, akaagiza Zaina aletwe atolewe damu. Sasa, kwa wazee wa ukoo wa Zaina, damu ya mwanamuke haihami wakati anapoolewa. Mwili unaenda kwa bwana. Damu inabaki ya baba yake. Mutu wa kwao lazima awepo ikitolewa. Kwa hiyo akaja dada yake mukubwa, Mwavita, kutoka kijiji cha mbali. Mimi nilifika mchana, nikakuta bomba limejaa, limeandikwa Zaina, wenyewe wamekwisha kurudi nyumbani. Nikalifunga mugongoni, nikaondoka.

Kasongo mashine ikasoma. Jasho hakuna. Moyo umetulia kama maji ya mutungi. Docta alifurahi, akaandika karatasi: moyo wa huyu haulemewi, hana haja ya Bukavu. Mimi niliipeleka karatasi ile nikiwa ninaimba. Nilifika kwa Mama Amisi, nikapiga vigelegele uani, nikasema: "Mushukuru Mungu, moyo wa mutoto wenu ni muzima!"

Zaina aliniangalia kama mutu aliyepigwa kofi.

Mama Amisi akapiga mikono. "Mumesikia? Mumesikia wote? Mashine ya wazungu imesema. Hana ugonjwa. Mimi nilikuwa ninasema uvivu, munaniona mubaya." Akamugeukia mwanaye. "Amisi, huyu arudi kwao. Siku ya soko ikipita, mashangazi wamusindikize."

Nilirudi Kasongo na wimbo umenikauka mudomoni. Niliwahi kubeba habari mbaya zikapokelewa vizuri. Sikuwahi kubeba habari nzuri ikafanya kazi ya panga.

Kabla ya siku ya soko, tulikuwa labo, Papa Lukali anasafisha miwani yake, mulango ukafunguliwa bila hodi. Mwanamuke mupana, mabega ya mukulima, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Nani njo yule mama anayebeba damu mugongoni?"

"Mimi."

"Ulibeba damu ya Zaina wa Wamaza?"

"Niliibeba mwenyewe."

"Ulibeba yangu."

Papa Lukali akavaa miwani. "Mama, kaa. Rudia taratibu."

Alikataa kukaa. "Mimi ni Mwavita, dada yake. Siku ile alikuwa nje ya dispensere, amekaa chini, anahema kama mbuzi aliyefukuzwa. Nikasema, huyu ana damu gani ya kutoa? Wakimutoa tena, ninamubeba maiti. Mimi damu iko, inanijaa. Muuguzi akaita Zaina, nikaingia, nikanyoosha mukono. Sikuiba kitu! Tumetoka tumbo moja, baba mumoja. Damu yetu ni moja. Ukichota kisimani na ndoo yangu ao na ndoo yake, maji siyo yaleyale?"

Hakuna aliyecheka. Ninyi wadogo mungecheka. Lakini mimi nilikuwa ninamuangalia yule mwanamuke, na nilikuwa ninaona mutu aliyesimama mahali pa sindano ya mudogo wake kwa sababu anamupenda, na hakujua kwamba amemufungia mulango.

Papa Lukali alisema polepole: "Mama Mwavita, damu ya ukoo ni moja, mimi sikatai. Lakini hatukutafuta ukoo. Tulitafuta jasho. Wewe ukilima toka asubuhi, Zaina anatoka jasho?"

Mwavita aliangalia viganja vyake. Kisha: "Hapana."

"Basi tumepima jasho la moyo wako wewe. Na moyo wako ni wa ng'ombe, hongera. Wa mudogo wako hatujauona."

Pale ndipo alikaa. Alikaa chini kwenye sakafu, akaweka mikono kichwani. "Wanamurudisha kwetu. Baba yetu ni muzee, hana mutu wa shamba. Atamupa jembe. Mimi ninajua, atamupa jembe, na Zaina hatasema kitu, atalishika."

Docta alikuwa amesimama mulangoni, amesikia. Hakumukaripia mutu. Alisema neno moja: "Kesho."

Kesho yake tulipanda watatu kwenye pikipiki moja, Saleh mbele, mimi katikati, Mwavita nyuma, na pikipiki ililia njia nzima. Tulimukuta Zaina uani, anachambua mboga. Mama Amisi alitupokea kwa adabu, akatupa viti, ju adabu hakukosa, ulimi tu.

Mwavita alisimulia yote mbele ya watu. Ninamupa heshima hiyo hadi leo. Mama Amisi alisikiliza, akasema: "Mupime. Mupime hata mara kumi. Uvivu hautaonekana kwenye bomba."

Aliyekataa alikuwa Zaina mwenyewe. Alirudisha mikono nyuma. "Mama, mimi sina damu. Mukichukua na hii iliyobaki, nitaishi na nini?"

Sasa sikilizeni namna inavyofanywa, ju maneno matamu hayafanyi kazi hapo. Nilichukua bomba tupu, nikalijaza maji ya mutungi. Nikaomba kijiko cha supu. Nikayamimina yale maji ndani ya kijiko, mbele ya macho yake. Hayakujaza kijiko.

"Ni hiyo tu?" Zaina akauliza.

"Ni hiyo tu."

Mama Amisi alinyoosha shingo aangalie. "Hata mbu wa hapa wanakunywa kupita hapo," akasema, na Zaina akacheka, masikini, kicheko kikamukata pumzi, akabaki mudomo wazi anatafuta hewa. Niliona mushipa wa shingo yake unavyoruka. Nilishika mukono: baridi, na jua lilikuwa juu yetu sote. Kucha zake rangi ya wino. Mukono wa kwanza kwa miaka mingi ulionitia hofu. Niliutia kwenye maji ya vuguvugu, nikakaa nao muda mrefu, nikamuuliza habari za wakwe zake, na mukwe amekaa pale karibu kama hakimu!

"Wakwe zangu ni wazuri," Zaina akasema, macho chini.

"Usidanganye watu wenye sindano," nikamuambia, na wakati anatabasamu nilikuwa nimekwisha kuingia.

Jina niliandika amekaa mbele yangu. Nikamuonyesha, akalisoma mwenyewe kwa sauti.

Mwavita alibaki na mudogo wake. Kurudi, mvua ilitukamata mimi na Saleh. Kwenye daraja la magogo pikipiki iliteleza, Saleh akaenda upande wake, mimi upande wangu. Nilianguka kifudifudi, viwiko kwenye matope, mugongo juu, kama mama yeyote angeanguka. Meno yangu mawili ya mbele munayoona hayapo, hayakutoka kwa uzee. Saleh alikimbia kuniinua. Nikamuambia angalia kwanza mugongoni. Akafungua, akasema: "Amelala, Mama."

Papa Lukali alizungusha damu ile kwa chombo chake cha kutenganisha, maji yake yakajitenga, njano safi kama chai ya mchaichai. Docta akaweka tone kwenye mashine. Tukangoja. Namba ilipotoka, aliigeuza mashine ili Papa Lukali aone. Papa Lukali aliangalia, akavua miwani.

"Mama Riziki," akaniambia, "huyu mutoto anatoka jasho la watu wengi."

Nimeambiwa simulizi lazima iwe na mwisho, basi nimalize upande huu kwanza: Zaina alienda Bukavu, Amisi akamusindikiza. Ile mashine ya picha ikaona upande wa kuume wa moyo umevimba kwa kusukuma. Wakamupa dawa ya kichocho, na dawa zingine za kulegeza njia za mapafu, na masharti: asibebe, asipande vilima, asishike mimba docta wake asipokubali. Hakupona kama mutu anavyopona malaria. Dawa zikikosekana, anarudi kuhema. Lakini yuko. Watu waliofika wakati mwili umekwisha kuvimba wote, hawakuwa na bahati hiyo.

Hayo munaweza kuyasoma kwenye vitabu vyenu. Yasiyokuwa kwenye vitabu ni siku ile niliyopeleka majibu.

Ilikuwa siku yenyewe ya kumurudisha. Docta alikuwa na wagonjwa, akanipa karatasi, akaniambia: "Wewe useme, wewe wanakuelewa." Nilifika, mashangazi wako tayari uani, wamevaa. Vitu vya Zaina vimefungwa ndani ya kitenge: sufuria, mukeka, nguo chache. Zaina alikuwa amesimama kando ya mufuko ule. Katika nyumba ile, mwanamuke anayerudishwa kwao hapewi tena kiti. Toka wanapofunga vitu vyake anasimama hadi anapotoka. Alikuwa amesimama, mukono mumoja kwenye nguzo ya jikoni, mabega yanapanda na kushuka. Mwavita alikuwa nyuma yake, haruhusiwi kumushika.

"Umekuja na karatasi ingine?" Mama Amisi akauliza.

"Nimekuja na ingine."

"Sijui kusoma. Sema kwa mudomo. Lakini kwanza nikuambie mimi: niliwahi kuzaa Amisi pembeni ya shamba, nikamufunga mugongoni, nikamaliza mustari wa muhogo niliokuwa nimeuanza. Sasa niambie huyu amechoshwa na nini."

Nilikuwa nimepanga maneno ya docta njia nzima, yote yakakimbia. Nikasema:

"Siku ile, Mama Amisi. Ule mustari. Moyo wako ulikuwa unapiga namna gani?"

Alishangaa kuulizwa. Alifikiri. "Ulikuwa unataka kutoka kwa mudomo."

"Ulipomaliza, ulifanya nini?"

"Nilikaa. Nililala."

"Moyo wa Zaina unapiga vile saa hizi. Na akikaa, haukai. Akilala, haulali. Njia zimeziba, na unasukuma. Toka ameingia nyumba yako, moyo wa huyu mutoto haujawahi kutua jembe chini."

Mama Amisi aliangalia karatasi mukononi mwangu, kisha akaangalia mabega ya Zaina.

"Hata akilala?"

"Hata akilala."

"Hata sasa, amesimama hapo?"

"Sasa zaidi."

Shangazi mumoja akaanza kusema kitu. Mama Amisi akainua kidole kumunyamazisha. Akaenda hadi kwenye ule mufuko, akapiga magoti, na wanawake wa umri wetu hatupigi magoti kwa mchezo. Kifundo kilikuwa kimekazwa. Akakifungua kwa meno. Akatoa sufuria. Akatoa mukeka. Akaunyoosha ule mukeka kivulini, akapangusa vumbi kwa kiganja, mara mbili, tatu, kama mutu asiyeweza kuinua uso.

Kisha akasema, kwa ile ile sauti yake ya ugomvi:

"Zaina, kaa chini. Nani alikuambia usimame?"